Mstari wa Rangi Darajani

Corinne Vollmer aliliacha gari upande wa Indiana, akavuka daraja kwa miguu huku upepo wa Februari ukimchapa masikio. Hakupenda kutembea, lakini mjomba wake alikuwa amemwagiza hivyo, na kwa mambo ya dhamana Mjomba Clete Amrhein hakuwa mtu wa kubishiwa.

"Gari lako lisiguse ardhi ya Kentucky," alimwambia asubuhi ile ofisini, akijaribu kufunga kifungo cha koti kilichokuwa hakifiki. "Huyo Garland wako akipanda gari lako kule, hata kama anapanda huku anaimba, kesho wakili atasimama aseme umemteka. Aje kwa miguu yake mwenyewe. Ukimshika hata ukosi kabla hajavuka, jela inakuita wewe."

"Najua, Mjomba."

"Lonnie naye alijua."

Lonnie Reis alikuwa msaka watoro mwenzake Corinne, jitu la miraba minne, na sasa alikuwa anafagia korido za gereza moja huko Kentucky. Alimkuta mtoro kwenye kituo cha mafuta hatua chache tu ng'ambo ya mto, akaona uvivu kuita polisi wa kule, akamtia kwenye buti la gari. Kwao Indiana angepigwa bega na kununuliwa bia. Kule Kentucky walimsomea shtaka la utekaji.

Ndivyo mto ule ulivyozigawa sheria. Mtu wa Ansel, Indiana, akikamatwa na hakimu akamtajia dhamana asiyoiweza, humkimbilia Mjomba Clete. Analipa fungu moja katika kumi, hela ambayo hataiona tena maishani, na Clete anaiambia mahakama: huyu namchukua mimi, asipotokea nidaini mimi. Na Clete si mjinga. Anataka ndugu wa mtuhumiwa aweke rehani ya maana. Mtu akiruka dhamana, Clete na watu wake wana haki ambayo hata polisi wanaionea wivu: kuingia kwa mtoro bila hati, kumtoa kitandani na soksi zake, kumfuata majimbo kwa majimbo. Lakini wakifika Haddix, mji ulio ng'ambo tu, haki hiyo inaishia hapo. Kentucky waliipiga marufuku biashara yote ya dhamana zamani, na mgeni anayemkamata mtu kule bila hati ya hakimu wa kule wanamhesabu jambazi.

Garland Stamper alikuwa Haddix. Alivunja taya la msimamizi wake kiwandani, na kama utaniuliza mimi, msimamizi yule alilitafuta, lakini hakimu hakuniuliza. Dhamana ilipanda juu. Rehani ikawa nyumba ya Hildred Vollmer, mama yake Corinne, mjane ambaye hakumpenda Garland hata kidogo na hakulificha hilo. "Sahihi hii siiweki kwa ajili yake," alisema siku ile, kalamu mkononi. "Naiweka kwa sababu siwezi kukusikia ukilia usiku ukuta wa pili." Siku ya kesi Garland hakutokea. Clete aliomba muda mahakamani, akapewa. Aliomba tena, hakimu akamwambia asimchezee. Leo ilikuwa mwisho. Mahakama ikifungwa saa kumi jioni Garland akiwa hayumo ndani, nyumba ya Hildred imekwenda.

Na Corinne alimpenda Garland. Hilo nalo liingie kwenye hesabu.

Mlango ulifunguliwa na Junie, dadake Garland, mwenye macho mekundu na sweta iliyogeuzwa nje ndani.

"Umekuja na bunduki au umekuja na maua?"

"Nimekuja mikono mitupu, Junie."

"Mikono mitupu! Hiyo mifuko ya koti inalia chuma." Junie hakusogea mlangoni. "Mama yangu anahesabu pumzi humo ndani, na wewe unakuja kukusanya watu kama mizigo. Huna haya?"

"Haya ninayo. Niruhusu niseme naye tu."

"Mwache aingie, Junie," sauti ilitoka ndani. Ilikuwa nyembamba, imechoka, lakini bado ilikuwa sauti ya mwenye nyumba.

Bi Oleta Stamper alikuwa amelazwa sebuleni, karibu na dirisha, mashine ya hewa ikiguruma kando ya kitanda. Garland alikuwa amepiga magoti, anamkanda miguu. Aliinua uso, akamwona Corinne, na kwa kitambo kidogo hakuna aliyekumbuka mahakama. Alikuwa amekonda. Ndevu zimemwota ovyo. Corinne alitamani kuweka kiganja kwenye shavu lile, tena alitamani kwa nguvu kiasi cha kuona aibu mbele ya mgonjwa.

"Umechelewa," Garland alisema. "Nilikutegemea tangu wiki iliyopita."

"Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe."

"Corinne, binti," Bi Oleta alisema, "njoo huku nikuone. Umekula?"

"Nimekula, Bi Oleta."

"Muongo. Junie, mpe maharage na mkate wa mahindi."

"Mama, huyu amekuja kumchukua Garland!"

"Nimesema mpe chakula. Mwanangu akichukuliwa, asichukuliwe na mtu mwenye njaa."

Garland alicheka. Akainuka, akamvuta Corinne jikoni kwa ncha ya mkono wa koti, kama alivyozoea. Walisimama karibu na sinki la vyombo. Alinukia sabuni na dawa ya kifua.

"Ni leo?" aliuliza.

"Ni leo. Saa kumi."

"Siku ya kesi nilikuwa nimeshavaa tai, Corinne. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango. Akatapika damu. Niambie, ningefanya nini?"

"Ungenipigia simu."

"Ungesemaje? Ungesema njoo. Wewe ungesema njoo, kwa sababu ndiyo kazi yako, na mimi ningekuja, kwa sababu ni wewe. Ndiyo maana sikupiga."

"Mama yangu ameanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Hasemi kitu. Amefunga sahani za arusi yake kwa magazeti. Garland, sina neno zuri la kukuambia. Yule mama hana pengine pa kwenda."

"Mama yako ananichukia."

"Anakuchukia, na nyumba ameiweka."

Garland alitazama nje, kwenye kiwanja chenye theluji chafu. Mkono wake ulitafuta wa Corinne juu ya sinki, ukaupata, ukaubana. Junie aliweka bakuli mezani kwa kishindo akaondoka.

"Daktari anasema siku mbili tatu," Garland alisema mwishowe. "Nikiingia ndani leo, Clete anaweza kunidhamini tena?"

"Aliyeruka mara moja hadhaminiwi tena. Lakini naweza kumwomba wakili apeleke ombi, uje umwone chini ya ulinzi. Kesho asubuhi. Nitaenda mimi mwenyewe kumgongea mlango."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Hakuwa anamdanganya. Liandikwe hilo, kwa maana baadaye watu walisema mengi.

Garland alirudi sebuleni, akainama masikioni mwa mama yake. Corinne hakuyasikia maneno ya kijana. Ya mama aliyasikia, maana Bi Oleta hakuwa na nguvu ya kunong'ona. "Nenda," alisema. "Usimwache mama wa watu barabarani kwa ajili yangu. Mimi sitoki hapa bila wewe, nitakungoja." Kisha akamtazama Corinne. "Nirudishie."

"Nitamrudisha, Bi Oleta."

Daraja lile lilikuwa la treni zamani. Siku hizi ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Walitembea pamoja mikono mifukoni, bega likigusa bega, ungedhani wachumba wanaokwenda kununua kahawa. Chini yao maji yalikuwa ya kijivu na vipande vya barafu vikisukumana. Garland aliongea sana, kama mtu anayeogopa kimya. Alisema akitoka atafungua gereji. Alisema atanyoa ndevu kabla hakimu hajamwona. Alimwuliza kama bado analala na soksi.

"Moja tu," Corinne alisema. "Nyingine huwa inapotea."

"Nitakapokuoa nitakuwa naitafuta mimi."

"Unaniposa darajani, unakwenda jela?"

"Wewe taja mahali pazuri zaidi nikupeleke."

Corinne alicheka, na machozi yalikuwa karibu. Walikuwa wamefika katikati, kwenye mstari. Kila mwaka, kabla ya mechi yao, wanafunzi wa shule mbili za sekondari hupaka mstari mpana kuvuka daraja, nusu buluu nusu nyekundu, na watu wa Ansel wamekua wakijua kwamba pale ndipo majimbo yanapogawana. Watoto hutema mate upande wa wenzao. Wapenzi husimama mguu mmoja huku mmoja kule. Corinne na Garland nao walishasimama pale, kiangazi cha mwaka uliopita, midomo ikiwa na ladha ya aiskrimu ya limau. Safari hii hawakusimama. Waliuvuka tu, na Corinne alihisi kifua kikimlegea kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Nyumba ya mama imepona, alijiambia.

Hapo ndipo simu ya Garland ilipolia.

"Junie?" Alisikiliza. Uso ulimbadilika, ukawa wa mtoto. "Sasa hivi? Alisema nini? Mwambie nakuja. Junie, mwambie anisubiri, nakuja mbio!"

Aligeuka. Corinne alimshika mkono.

"Garland."

"Anakwenda, Corinne. Ananiita. Nipe saa moja."

"Saa tisa imeshapita. Hakuna saa moja."

"Basi nusu saa! Nimwone tu, nimshike, nirudi. Nakuapia."

"Uliapa na mara ya kwanza."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalipima. Garland alimtazama kana kwamba amemmwagia maji ya mto ule. Kisha akaanza kuondoka, si kwa kukimbia, kwa hatua ndefu, akielekea Kentucky. Na Corinne, ambaye kwa miaka yote ya kazi ile alijivunia kuwaleta watu kwa maneno matupu, aliona sahani za mama yake ndani ya magazeti. Akapiga hatua tatu, akamkunja mkono nyuma, pingu zikalia mara mbili.

Garland alikuwa na uwezo wa kumwinua mtu kama yeye kwa mkono mmoja. Hakumwinua. Alisimama tu, mgongo kwake.

"Umenifunga," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama anajifahamisha.

"Nisamehe."

"Umenifunga mimi."

"Nisamehe, mpenzi wangu. Twende. Tukifanya haraka wakili anaweza..."

"Usiniite hivyo ukiwa umeshika mnyororo."

Mjomba Clete alikuwa anangoja kwenye maegesho, kando ya kibanda cha kuuzia chambo cha samaki, vioo vya gari vimefanya ukungu kwa joto la ndani. Aliwaona wametokea, akashuka akisugua viganja kwa furaha, akamfungulia Garland mlango wa nyuma kwa adabu ya dereva wa arusi. Corinne aliketi nyuma pamoja na mfungwa wake, kama kazi inavyotaka.

"Safi kabisa," Clete alisema akiwasha gari. "Stamper, kijana wangu, nilikutukana sana mwezi huu, nayarudisha matusi yote. Umekuja kiume." Akaangalia kwenye kioo, akaona pingu. "Aa. Pingu za nini tena? Ulimfungia wapi?"

"Darajani. Alitaka kurudi."

"Darajani wapi?"

"Tulishavuka mstari, Mjomba. Usiwe na wasiwasi."

"Mstari gani?"

"Mstari. Pale katikati. Kwani kuna mistari mingapi?"

Clete alikanyaga breki hadi kofia ikamwangukia puani. Hawakuwa hata wametoka kwenye maegesho.

"Ule wamepaka watoto wa mpira!" alifoka. "Rangi ya watoto, Corinne! Mungu wangu. Mto wote ni wa Kentucky. Wote! Walipewa mto mzima tangu majimbo yanakatwa, hadi ukingo wa maji ya zamani upande huu wetu. Mpaka uko hapo, unaona kibanda cha chambo? Hapo karibu na hapo!"

"Kila mtu anasema katikati."

"Kila mtu hana leseni ya kusaka watoro! Nilikuambia asiguswe hadi avuke. Kuvuka ni kukanyaga udongo!"

"Kwa nini hukuniambia mpaka uko wapi?"

Clete aliirudisha kofia mahali pake. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini, amezaliwa pale, na haikumpitia akilini kwamba mpwa wake aliyezaliwa palepale anaweza kuamini mambo ya watoto wa mpira. Alishika usukani kwa mikono miwili akautazama.

Garland aliugeukia mto.

"Kwa hiyo bado nilikuwa kwetu," alisema.

Simu ililia tena, ndani ya mfuko wa koti lake. Alijaribu kuifikia, pingu zikamzuia. Ililia, ikaendelea kulia. Corinne aliingiza mkono mfukoni mwake, akaitoa, akaibonyeza, akamshikia sikioni. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuhisi joto la shavu lake, na maneno ya Junie yaliwafikia wote wawili.

"Ameondoka, Garland. Ameondoka akiuliza kama umeshafika kwenye ngazi."

Garland hakulia kwa sauti. Aliinamisha kichwa hadi kikagusa kiti cha mbele, akakaa hivyo, na simu ikabaki hewani mkononi mwa Corinne, Junie akiita jina la kaka yake, akiita, akiita, mpaka Corinne akakata.

"Sikilizeni," Clete alisema, sauti imeshuka. "Mimi sisemi kitu. Corinne, ufunguo unao wewe. Ukimfungua hapa, anarudi kwao, anamzika mama yake, na hakuna aliyeona. Saa kumi dada yangu hana nyumba. Usipomfungua, tukifika jela watauliza amekamatiwa wapi. Tangu yaliyompata Lonnie hawampokei mtu bila kuuliza. Akisema ukweli, wanamwachia na wewe wanakupeleka ng'ambo ukasomewe lile la Lonnie. Chagua, lakini chagua haraka."

Corinne aliutoa ufunguo. Mdogo, mwepesi, umepata joto la mwili wake. Aliutazama, akamtazama Garland, kisogo chake, mahali ambapo nywele humwotea upande. Alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda, na ningependa kukuambia kwamba hilo lilitosha. Alimwona mama yake ameketi juu ya maboksi, amevaa koti lake la kanisani.

"Bi Oleta ameshakwenda," alisema polepole. "Hata akirudi, hamkuti."

Garland aliinua kichwa akamtazama. Ni mtazamo huo Corinne atakaouona hadi kaburini. Haukuwa wa chuki. Chuki angeweza kuibeba. Ulikuwa wa mtu anayemsoma mgeni.

"Endesha, Mjomba," Corinne alisema, na ufunguo ukarudi mfukoni.

Jela ya wilaya ilikuwa mwendo mfupi, na saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika chache. Sajini Bertke, mama mnene mwenye ubani wa kutafuna mdomoni, aliwatazama wote watatu, akavuta kiti.

"Clete. Nimeshinda dau, nilisema utaleta mtu leo. Haya, niache nimwulize mwenyewe, ndiyo utaratibu wetu mpya. Bwana Stamper, umekamatiwa wapi?"

Corinne aliangalia sakafu. Angeweza kusema. Kulikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema: daktari wa meno angeng'oa jino katika kimya kile. Alijua neno moja tu lingemfungulia mtu huyu mlango aende akamfumbe mama yake macho. Alilitafuta neno hilo, na akalipata, na akalikalia.

"Upande huu," Garland alisema. "Kwenye kibanda cha chambo. Nilivuka mwenyewe, nikamkuta ananingoja. Pingu niliziomba mimi, nisije nikageuka."

Bertke aliacha kutafuna. "Uliziomba?"

"Mama yangu alikuwa mahututi. Nilijijua."

"Na sasa hali yake?"

"Amefariki. Nimepata habari sasa hivi, ndani ya gari."

Sajini alimtazama Corinne, kisha Clete, kisha akashusha macho. "Pole sana, kijana. Clete, ingia kwa karani, wahi muhuri kabla hawajafunga." Clete alikwenda karibu mbio, kofia mkononi. Bertke aliinuka, akafungua geti la ndani. "Nawapa dakika moja. Mimi nina kazi na haya makufuli."

Corinne alimfungua pingu. Tundu lilimkataa mara mbili. Mikononi mwa Garland kulikuwa na alama nyekundu, akataka kuzisugua. Garland akairudisha mikono kwake.

"Kwa nini umesema hivyo?" alinong'ona.

"Ningesema vingine, wangekufunga. Nisingelala nikijua uko ndani."

"Garland, kesho nitaenda kwa wakili, wakutoe mazishini, nilikuahidi..."

"Usiende."

"Niache nifanye japo hilo."

"Corinne." Alilitaja jina lake kwa upole uleule wa zamani, na hapo ndipo lilipouma. "Darajani hukujua. Darajani nilikusamehe kabla hatujafika kwenye gari. Lakini kwenye maegesho ulijua. Ulikuwa umeshika ufunguo, na ulijua, na mama yangu alikuwa bado ana joto. Kama ungeniomba, ningekuja hapa mwenyewe kwa ajili ya mama yako. Ungenifungua tu, halafu uniombe. Hukuniuliza."

"Niliogopa ungesema hapana."

"Najua. Hilo ndilo ninalosema." Aliinamisha kichwa akapita getini. "Usije siku za wageni. Nisipokuona nitaweza."

Geti lilifungwa bila kishindo. Lilikuwa limetiwa mafuta vizuri. Sajini Bertke alimpa Corinne koti la Garland, akakumbuka kuwa koti ni la mfungwa, akalichukua tena.

Nyumbani, jikoni kulikuwa na mvuke na harufu ya vitunguu. Clete alishapiga simu. Hildred Vollmer alikuwa amefungua boksi moja, sahani za arusi zimerudi mezani, magazeti yametapakaa sakafuni. Alikuwa anakaanga chapati za viazi, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, lakini alikuwa anavuma wimbo wa kanisani. Corinne hakuwa amemsikia akivuma tangu baba yake afariki.

"Kaa. Una rangi ya maziwa. Kaa ule." Akamwekea sahani, akamwagia mchuzi wa tufaha, akabaki amesimama na mwiko. "Clete ameniambia, lakini Clete huongeza chumvi. Niambie wewe. Ni kweli alikuja mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Hakukokotwa?"

"Hapana."

"Na mama yake kitandani vile?"

"Bi Oleta amefariki, Mama. Jioni hii. Garland akiwa njiani."

Hildred aliketi. Mwiko aliuweka mapajani, mafuta yakaingia kwenye aproni na hakujali. Alifunika mdomo kwa mkono, akalia kidogo, akajipangusa kwa kiwiko.

"Mimi ni mwanamke mbaya," alisema. "Miaka miwili namtukana kijana wa watu. Nilisema ni muhuni, nilisema ataniacha barabarani. Kumbe amemwacha mama yake anakata roho, amekuja kuniokolea mimi nyumba. Mimi, niliyemfungia mlango Krismasi!" Aliunyosha mkono juu ya meza akaushika wa Corinne. "Sikiliza. Simu za jela wanaruhusu? Basi, ukizungumza naye mwambie hivi. Mwambie Hildred amekubali. Akitoka, iwe leo iwe baada ya miaka mitano, aje moja kwa moja hapa, mfunge ndoa, mkae chumba cha juu. Nitamwita mwanangu. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Mwambie nimelisema mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Nitamwambia, Mama," Corinne alisema, akachukua uma, akaanza kula kwa sababu mama yake alikuwa anamtazama.